ATOMU YATOA USHAHIDI RUFIJI

Neno atomu litajwapo, wengi wetu hukumbuka bomu lililoteketeza mji wa Hiroshima mwaka 1945. Hatuwalaumu. Lakini elimu hiyo hiyo ya kiini cha atomu imefanya pia kazi ya amani, nayo yatuhusu sana sisi watu wa pwani, kwani imesaidia kuturudishia historia yetu. Leo twapenda kuieleza kwa wanachama na wafanyakazi, hasa wenzetu wa Kibiti na wa delta ya Rufiji.

Mti ulio hai hupokea kutoka hewani kaboni 14, ambayo atomu zake huvunjika zenyewe. Ukikatwa, haupokei tena, na ile iliyomo hupungua polepole. Nusu yake hutoweka kila ipitapo miaka ipatayo 5,730. Mwaka 1949 Willard Libby wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walionyesha kuwa kwa kupima kilichobaki, yawezekana kujua mti ulikufa lini. Kazi hiyo ilimpatia Libby Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960. Tangu hapo kipande cha mkaa kilichoachwa na mhunzi kimekuwa shahidi asiyempendelea mtu.

Shahidi huyo tulimhitaji. Waandishi wengi wa zama za ukoloni walidai kwamba ustaarabu wa pwani uliletwa na wageni kutoka ng'ambo, na kwamba Mwafrika alikuwa mpokeaji tu. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa waliolitia dai hilo mizanini. Alipata udaktari Uppsala, Sweden, mwaka 1994, kwa utafiti juu ya pwani ya Tanzania katika miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo. Mkaa uliofukuliwa katika makazi ya kale ya pwani yetu umeonyesha kuwa wakulima na wafua chuma walikuwapo hapa tangu karne za mwanzo za enzi hiyo, kabla miji ya mawe haijajengwa.

Kisha ikaja zamu ya Kibiti. Mwaka 1999 Chami alitangaza katika jarida la Current Anthropology shanga za kioo zilizofukuliwa Mkukutu, akisema ni za Kirumi. Mfanyabiashara mmoja wa Kigiriki wa karne ya kwanza aliandika juu ya Rhapta, soko la mwisho la pwani hii, lililoitwa hivyo kwa sababu ya mashua zake za kushonwa, na lililouza pembe za ndovu na magamba ya kasa. Chami ashikilia kwamba soko hilo lilikuwa upande wa Rufiji.

Katika vyuo vikuu, mtaalamu hupimwa kwa mara ambazo wenzake humtaja katika maandishi yao. Chami ametajwa sana, wala si wote wamtajao humkubali. Wapo wanaozishuku hoja zake juu ya Rhapta na juu ya biashara ya kale. Hatuoni aibu katika hilo. Mti wenye matunda ndio utupiwao mawe, na elimu hukua kwa kubishana kwa ushahidi.

Lakini iko hesabu nyingine. Je, ni wakulima wangapi wa Kibiti, na wavuvi wangapi wa Nyamisati, wanaozijua habari hizi? Mgeni akiulizwa juu ya delta yetu huitaja manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamia humo Julai 1915. Wahunzi wetu hawataji, kwa kuwa habari zao zimelala katika majarida ya Kiingereza.

Kwa hiyo twasema: wataalamu waandike matokeo yao kwa Kiswahili pia, yafike shuleni. Vijana wetu wasiikimbie fizikia, maana mizani ya kaboni hushikwa na waijuao. Na mwananchi achimbaye msingi wa nyumba au mchanga, akikuta vigae vya vyungu au mavi ya chuma, asivitupe. Asimamishe jembe, awaarifu viongozi wake. Mambo ya kale yanalindwa na sheria tangu mwaka 1964, lakini sheria haina macho shambani. Tanuri likishavurugwa, hakuna atomu itakayotoa ushahidi wake tena.