Kumrudisha Nyumbani Ndugu Aliyefia Ng'ambo

Fungueni madaftari yenu. Somo la leo ni zito kidogo, lakini lina faida kubwa. Tutajifunza namna ya kumrudisha nyumbani ndugu aliyefariki katika nchi ya mbali.

Watu wetu wengi husafiri kutafuta riziki. Wako waliokwenda Omani, Saudi Arabia na Dubai, na wako waliokwenda Ulaya na Marekani. Wengi hurudi salama. Lakini kifo hakichagui mahali, na siku moja simu yaweza kulia na kuleta habari mbaya. Hapo jamaa hulia, majirani hukusanyika, na kila mtu huuliza, "Mwili utafika lini?"

Ndugu zangu, jibu la swali hilo limo katika karatasi. Mwili wa marehemu hauvuki mpaka wa nchi bila hati, na kila hati hufungua mlango wa hati nyingine. Hata viongozi wakubwa hungoja. Mwalimu Julius Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999. Mwili wake ulifika Dar es Salaam tarehe 18, ukazikwa Butiama tarehe 23. Ikiwa kwa mtu kama yeye zilipita siku nne, jamaa wa mfanyakazi wa kawaida wasishangae wakingoja majuma kadhaa.

Basi tuzitazame hati hizo moja moja.

Ya kwanza ni cheti cha kifo. Daktari huandika sababu ya kifo, kisha serikali ya nchi ile hukiandikisha kifo na kutoa cheti. Kama mtu amekufa kwa ajali, au ghafula, au kwa namna isiyoeleweka, polisi hufanya uchunguzi kwanza. Mwili hautolewi mpaka wamalize. Katika nchi za Kiarabu cheti huandikwa kwa Kiarabu, kwa hiyo takeni na tafsiri yake yenye muhuri. Mtaihitaji baadaye katika mambo ya mirathi na benki.

Ya pili ni barua ya ubalozi. Tanzania ina balozi zake Muscat, Riyadh na Abu Dhabi, na Kenya pia ina balozi katika nchi hizo. Ubalozi huthibitisha kwamba marehemu ni raia wetu, huifuta pasipoti yake, na hutoa barua ya kuruhusu mwili uletwe nyumbani. Hapa kusoma na kuandika kuna kazi kubwa. Jina katika pasipoti, katika cheti cha kifo na katika barua lazima lifanane. Herufi moja ikikosewa, safari yaweza kusimama.

Ya tatu ni cheti cha kutiwa dawa. Wataalamu huutia mwili dawa ya kuuzuia usioze, wakaandika kwamba kazi hiyo imefanyika. Daktari naye huandika kama marehemu alikuwa na ugonjwa wa kuambukiza au hakuwa nao. Kisha mwili huwekwa katika jeneza lenye bati la zinki ndani, nalo hufungwa kabisa, maji wala harufu visipite. Jeneza hilo si la fahari. Ni kwa ajili ya afya ya watu wanaosafiri na wanaolipokea.

Ya nne ni hati ya mzigo ya shirika la ndege. Neno hili huwauma wengi, lakini ndivyo ilivyo: jeneza husafiri katika sehemu ya mizigo, na malipo mara nyingi hufuata uzito. Likifika uwanjani kwetu, afisa wa afya na watu wa forodha huzitazama hati zote kabla jamaa hawajakabidhiwa. Yule anayekwenda kupokea achukue kitambulisho chake na nakala za hati hizo.

Sasa tuje kwenye fedha. Jamaa wengi huanza kuchanga kabla ya kuuliza swali la kwanza: nani anapaswa kulipa? Yawezekana marehemu alikuwa na bima. Yawezekana mkataba wake wa kazi wataja jambo hili. Katika Saudi Arabia, Sheria ya Kazi ya mwaka 2005, kifungu cha 40, yasema mwajiri ndiye atakayelipa gharama za kuutayarisha mwili na kuusafirisha mpaka mahali mfanyakazi alipofanyia mkataba au alipoandikwa kazi. Mwajiri hasamehewi ila marehemu akizikwa hukohuko kwa ridhaa ya jamaa zake, au shirika la bima ya jamii la nchi ile likiuchukua mzigo huo. Lakini angalieni: watumishi wa nyumbani wana kanuni zao mbali. Kwa hiyo usomeni mkataba wenyewe, na muulizeni balozi.

Tena, msitie sahihi wala kidole gumba katika karatasi msiyoielewa. Karatasi hiyo yaweza kuwa ridhaa ya kuzika huko, au tamko kwamba hamdai kitu tena. Mshahara ambao marehemu hakulipwa, na haki zake nyingine za kazi, ni mali ya warithi wake. Ulizeni habari zake mapema, kwa maandishi.

Ikilazimu kuchanga, chagueni mtu mmoja wa kushika fedha na mwingine wa kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Msimpe fedha mtu asemaye tu, "Mimi nawajua wakubwa." Takeni kwanza hesabu iliyoandikwa: dawa kiasi gani, jeneza kiasi gani, ndege kiasi gani. Kisha takeni stakabadhi kwa kila shilingi.

Jambo jingine ni hili. Si lazima kila marehemu arudishwe. Kwa Waislamu, dini yahimiza maiti azikwe upesi, na jamaa wengi huridhia azikwe alipofia. Huko Omani na Saudi Arabia wako Waislamu wenzake watakaomwosha, wamvike sanda na kumsalia. Jamaa wakichagua hivyo, wasione aibu, wala wasikubali kusemwa kwamba wamemtupa ndugu yao. Ni heri kumzika kwa heshima kuliko kuwauzia watoto wake shamba kwa ajili ya gharama za ndege. Lakini hata hapo takeni cheti cha kifo, na mahali pa kaburi paandikwe.

Mwisho, kinga. Kabla kijana wako hajasafiri, mwambie aache nyumbani nakala ya pasipoti, nakala ya mkataba, jina na simu ya mwajiri, na jina la mtu mmoja anayemwamini huko aendako. Zitieni katika bahasha moja, muiweke mahali panapojulikana na watu wawili. Kufanya hivyo si kumtakia mtu mabaya. Mvuvi huchukua kamba ya akiba, naye hakuomba dhoruba.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini majina katika hati zote lazima yafanane?

2. Kwa nini jeneza hutiwa bati la zinki?

3. Kabla ya kuanza kuchanga, jamaa waulize nini?

4. Katika nyumba yako, yuko aliye ng'ambo? Bahasha yake iko wapi?

Ndugu wasikilizaji, swali la nne lijibuni leo jioni, nyumbani kwenu. Kwaherini mpaka somo lijalo.