Barua ya kanisa: nani anashika ufunguo?



Katika Nehemia sura ya 6, Sanbalati anamtuma mtumishi wake kwa Nehemia mara ya tano, na Maandiko yanataja jambo dogo: barua aliyoshika mkononi ilikuwa wazi. Yeyote aliyekutana nayo njiani angeweza kuisoma, na uongo uliokuwa ndani ungeenea kabla haijamfikia mwenyewe. Wengi wetu tunadhani barua pepe ni barua iliyofungwa. Mara nyingi sivyo.

Hapa Zongwe tulijifunza hayo kwa aibu. Adresi ya parokia yetu ilifunguliwa na kijana mmoja wa kwaya, kwa namba ya simu yake mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa na simu nzuri. Baadaye alihamia Lubumbashi, akaacha kutumia namba ile. Simu ya katibu wetu ilipoharibika, tulijaribu kufungua sanduku kwa simu nyingine, tukaambiwa namba ya uthibitisho imetumwa kwa simu ya yule kijana. Tulipopiga, aliitika mtu tusiyemjua. Kampuni ilikuwa imempa namba ile mtu mwingine.

Ndani ya sanduku lile hamkuwa na programu za ibada tu. Mlikuwa na orodha za familia zilizokimbia mapigano ya Watwa na Waluba yaliyozidi 2016, na ripoti juu ya mama mmoja aliyetufungulia moyo kuhusu mambo aliyotendewa njiani. Tulikwenda kumwambia yaliyotokea. Aliuliza neno moja tu: “Nani amesoma?” Hatukuwa na jibu.

Tangu siku ile, kabla ya kuchagua huduma ya barua pepe, tunauliza maswali matatu.

La kwanza: nani anaweza kusoma? Katika huduma zinazotumiwa na wengi, kama Gmail na Yahoo, barua kwa kawaida hufungwa inaposafiri, lakini ikifika, kampuni yenyewe inashika ufunguo wa sanduku. Hadi 2017 mashine za Google zilipitia barua za Gmail ili kuchagua matangazo ya biashara ya kumwonyesha mwenye sanduku. Yahoo iliingiliwa na wezi 2013, na mwaka 2017 ilijulikana kwamba akaunti zote za wakati ule, kama bilioni 3, ziliguswa.

Kuna huduma zinazofanya kwa njia nyingine. Proton Mail ilianza 2014 kule Uswisi. Tuta ni ya Ujerumani. Hizi hutunza barua zikiwa zimefungwa kwa ufunguo unaotegemea neno lako la siri, hata kampuni yenyewe haiwezi kusoma yaliyomo sandukuni. Lakini tuelewe mpaka wake. Ukiandika kutoka Proton kwenda Gmail ya ofisi nyingine, nakala itakayokaa kule iko wazi kwa kampuni ile, isipokuwa umeifunga kwa neno la siri na kumpa mpokeaji neno hilo kwa njia nyingine. Ndiyo maana parokia moja peke yake haifaidiki sana. Inafaa parokia na ofisi kuu wakubaliane kutumia huduma moja. Tena, kwa Proton kichwa cha barua hakifungwi kwa namna hiyo. Msiandike jina la mtu pale.

La pili: nani analipa? Huduma ya bure inalipwa na mtu fulani. Google inaishi hasa kwa matangazo. Proton na Tuta wanaishi kwa malipo ya wateja wanaonunua masanduku makubwa, nao hutoa sanduku dogo bila malipo, la hadi gigabaiti 1, wakati Google inatoa 15. Kwa parokia inayoandika barua na ripoti bila picha nyingi, sanduku dogo litatosha kwa miaka.

La tatu: mmoja wetu akiondoka, nani anabaki na ufunguo? Hapo ndipo sisi tulipoanguka, na hakuna kampuni inayoweza kututengenezea jambo hilo. Adresi iwe ya kanisa, si ya katibu wala ya mchungaji. Namba ya simu iliyoandikishwa iwe ya kanisa, na iwekewe vocha mara kwa mara isije ikakatwa. Neno la siri lijulikane na watu wawili waliochaguliwa na komiti, liandikwe kwenye karatasi na kufungiwa pamoja na vitabu vya fedha. Kiongozi akihamishwa, neno libadilishwe wiki ileile. Na tusifungue sanduku la kanisa kwenye kompyuta za kulipia mjini, ambapo anayekuja baada yetu anaweza kulikuta bado wazi.

Ulinzi huu una gharama. Kwa Proton, ukisahau neno la siri na hukutunza maneno ya kurudisha akaunti, unaweza kupata sanduku tena lakini barua za zamani hutaweza kuzisoma. Tuta hufuta akaunti ya bure isiyofunguliwa kwa miezi 6. Google, kwa miaka 2. Kwetu ambako mtandao unapotea, mtu apewe kazi ya kufungua sanduku kila wiki.

Wala tusifanye kampuni yoyote kuwa kimbilio letu. Mwaka 2021 Proton, kwa amri ya serikali ya Uswisi, ilitoa habari za mtandao alikotokea mwanaharakati mmoja wa Ufaransa. Barua zake hazikusomwa, lakini alijulikana. Nchi yetu nayo ina Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, inayozungumza juu ya ulinzi wa habari za watu binafsi. Kanisa lisingoje sheria ilifundishe mambo ambayo Mithali 11:13 imekwisha kulifundisha juu ya mtu mwaminifu na siri za wengine.

Tulirudi kwa yule mama. Hatukumwahidi kwamba hakuna aliyesoma. Tulimwambia kwamba sasa katika ripoti zetu yeye ni namba tu, na kwamba jina lake liko kwenye daftari moja la karatasi, linalotunzwa na kiongozi wa akina mama aliyemchagua mwenyewe. Alikubali kuendelea kuja.

Katika kikao kijacho cha komiti, ulizeni: sanduku letu limefunguliwa kwa namba ya nani? Kama hakuna anayejua, anzeni hapo.