Kuridhika kwa mgonjwa wa saratani hupimwaje?

MGONJWA wa saratani kutoka Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, anayehitaji tiba ya mionzi hulazimika kuifuata mbali, kama Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka nyumbani. Akiulizwa huko iwapo ameridhika na huduma, huenda akajibu "ndiyo" kwa shukrani ya kupokewa tu, au kwa kuhofia kuwaudhi wanaomtibu.

Ndiyo maana swali moja halitoshi. Dodoso la shirika la Ulaya la utafiti na tiba ya saratani, EORTC, lililochapishwa mwaka 2005 kwa ajili ya wagonjwa waliolazwa, lina maswali 32. Mgonjwa hupima jambo moja moja: ujuzi wa madaktari, upole wa wauguzi, maelezo aliyopewa, muda wa kusubiri na urahisi wa kufika hospitalini. Majibu huwa na ngazi tano, kisha hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100.

Kwa njia hiyo, hospitali yaweza kubaini kwamba ujuzi wa madaktari umesifiwa, ilhali maelezo kuhusu tiba hayakueleweka.

Hata hivyo, majibu huaminika zaidi iwapo jina la mgonjwa haliandikwi, muulizaji si miongoni mwa wanaomhudumia, na asiyejua kusoma anasomewa maswali kwa lugha anayoielewa vema, Kiha ikiwamo.