Homa ya Msafiri na Swali la Kwanza

Mgeni ateremkaye Rwenzori kwa njia ya Nyakalengija, na askari avukaye Mpondwe akitoka Kongo, wote waweza kurudi na ugonjwa usioonekana.

Desemba 2007 mtalii wa Kimarekani aliingia katika pango la popo liitwalo Python, msituni Maramagambo, kusini ya Kasese. Alipofika kwao aliugua sana, na vipimo vya kwanza havikufichua kitu. Julai 2008 mtalii wa Kiholanzi, aliyeingia pango hilohilo, alifariki kwa Marburg. Mmarekani yule, ambaye alikuwa amekwisha kupona, alisikia habari hiyo akaomba kupimwa tena. Januari 2009 ikathibitika kwamba naye aliugua Marburg.

Funzo ni wazi. Msafiri mwenye homa hana budi apimwe malaria kwanza, kwani huua upesi. Kisha daktari ahesabu siku: Marburg na Ebola hujitokeza kati ya siku 2 na 21, malaria huchukua takriban wiki moja au zaidi, hata miezi.

Basi askari mgonjwa na ataje, hata kabla hajaulizwa, alikotoka, tarehe, pango aliloingia na maiti aliyoigusa. Afichaye safari yake humfunga macho daktari, na kambi nzima huingia hatarini.