Programu za kompyuta: Kipi kijaribiwe, kipi kiachwe

KWA madereva wa malori yatokayo Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Rwanda au Kongo, jina la Misugusugu, wilayani Kibaha, lilizoeleka kutokana na kituo cha kukagua mizigo ipitayo nchini. Mwenye baiskeli hakuwa na hofu nacho. Aliyesimamishwa ni yule ambaye mzigo wake, ukiishia njiani, Serikali hupoteza kodi.

Waandishi wa programu za kompyuta nao hulazimika kuchagua hivyo. Jaribio la kipande ni programu fupi inayoipa sehemu moja ya programu kubwa takwimu fulani, kisha ikalinganisha jibu na lile linalotarajiwa. Kuyaandika kwa kila mstari hula muda, na programu ikibadilika nayo hurekebishwa.

Chukua programu ya mizani ya barabarani. Ekseli moja yenye magurudumu manne huruhusiwa tani 10. Oktoba 2013, Wizara ya Ujenzi, wakati huo chini ya Dk. John Magufuli, iliondoa msamaha wa asilimia 5 kwa uzito uliozidi. Wasafirishaji waligoma, na mwezi huo huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasitisha agizo hilo. Kwa ekseli yenye tani 10.3, kanuni moja ilimtoza mwenye gari, nyingine ikamwachia.

Hapo ndipo pa kujaribu kwanza, tena kwenye mipaka yenyewe: tani 10, 10.01, 10.5 na 10.51. Mwandishi akiweka alama ya "chini ya" palipostahili "chini ya au sawa na", kompyuta haizimiki wala hailalamiki. Inatoza tu asiyestahili, lori baada ya lori, na risiti inatoka safi.

Sehemu inayopokea namba ya gari na kuionyesha kwenye skrini yaweza kuachwa. Ikiharibika, karani ataona papo hapo. Inayosoma kifaa cha mizani hupimwa vema zaidi kwa lori halisi, ingawa wengi hujisumbua kuiigiza mezani.

Kasoro iliyokwisha kujitokeza haina mjadala: huandikwa kwanza jaribio linaloidhihirisha, ndipo programu irekebishwe, na jaribio hilo hubaki.