Je, Wajua? Ziwa Victoria Liliwahi Kukauka

Enzi ya mwisho ya barafu ilipokolea, mabamba makubwa ya barafu yalifunika kaskazini mwa dunia, bahari zikapoa na mvua ikapungua Afrika Mashariki. Ziwa Victoria likakauka. Ghuba ya Winam, ilipo Kisumu leo, ikawa nchi kavu. Ushahidi umo kwenye tope lililovutwa kwa mirija mirefu kutoka sakafu ya ziwa: chini ya tope laini mna udongo mgumu wenye nyufa, vijizizi na chavua ya nyasi. Maji yalirudi miaka ipatayo 15,000 iliyopita, barafu ilipokuwa ikiyeyuka. Wanabiolojia hushangazwa zaidi na samaki waitwao fulu: mamia ya spishi zao, nyingi zisizopatikana kwingineko, huenda zilitokea baada ya hapo.