Volvox: Mwani mdogo unaoeleza kwa nini mwili hufa

Katika madimbwi, mabwawa na maziwa yasiyo na chumvi huishi mwani mdogo wa kijani uitwao Volvox. Kwa macho matupu huonekana kama nukta, kwani kipenyo chake aghalabu hakizidi milimita moja. Hata hivyo, wanabaiolojia wamekuwa wakiutumia kutafuta jibu la swali zito: kwa nini mwili hufa?

Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek aliuchunguza kwa hadubini mwaka 1700. Mnamo mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Sweden aliupa jina hilo, linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kubingirika, kwa kuwa ndivyo unavyokwenda majini.

Kila Volvox ni jamii ya seli zilizojipanga katika tufe la ute. Katika aina iitwayo Volvox carteri, seli zipatazo 2,000 ni ndogo, na kila moja ina vijimkia viwili vya kuogelea. Hizo ndizo zinazolisogeza tufe kuelekea kwenye mwanga, ambao huliwezesha kujitengenezea chakula. Ndani mna seli kubwa zipatazo 16, ambazo kazi yake ni kuzaa tu. Kila mojawapo hugawanyika mara kadhaa na kuwa tufe changa, ambalo hujipindua nje ndani kabla ya kumtoka mzazi wake. Watoto wakishaondoka, seli ndogo huzeeka na kufa.

Seli hizo hazizai kwa sababu huzuiwa na jeni iitwayo regA. Jeni hiyo ikiharibika, seli ndogo hupoteza vijimkia vyake, hunenepa na kuanza kuzaa zenyewe, na jamii nzima hukosa wa kuiogelesha. Hali hiyo hukumbusha saratani, ambapo seli za mwili huasi kazi zake na kuzaana ovyo.

Mwaka 2010 wanasayansi walichapisha ramani ya jeni za Volvox carteri. Ilibainika kuwa inazo zipatazo 14,500, idadi inayokaribiana na ile ya Chlamydomonas, ndugu yake mwenye seli moja. Hivyo, mabadiliko ya kutoka seli moja hadi mwili hayakuhitaji jeni nyingi mpya. Za zamani zilipewa majukumu mengine.

Kwa mujibu wa ushahidi huo, kifo cha mwili ni gharama ya kugawana kazi: wachache huendeleza kizazi, na walio wengi huwatumikia hadi mwisho.